Neno la Mhariri: Mistari Miwili ya Pariti

Toleo hili limetenga nafasi kubwa kwa fanksheni inayojibu swali dogo mno: je, idadi ya moja zilizomo ndani ya baiti hii ni witiri au shufwa, yaani pariti yake ni ipi? Msimbo wake ni mistari miwili ya lugha ya C. Uliingia kwenye hazina ya pamoja ya kerneli ya Linux mwaka 2025 kwa jina la parity8. Wapo watakaoguna kwamba tumekosa la kuandika. Mimi naona jambo hili linastahili kurasa zake, ila si kwa sababu inayotajwa sana, yaani kasi.

Tuione kwanza ikifanya kazi. Chukua baiti 10110101. Nusu ya juu ni 1011, ya chini ni 0101. Zipange juu na chini: biti zinapotofautiana andika 1, zinapofanana andika 0. Unapata 1110, yaani 14. Pariti haijaguswa, kwa sababu moja zilizofutika zimeondoka mbilimbili. Sasa twaa 0x6996, isogeze kulia nafasi 14, usome biti ya mwisho. Ni 1, yaani witiri. Na kweli, ukizihesabu moja za baiti ile ziko tano. Hiyo 0x6996 ni jedwali zima la majibu 16 lililobanwa ndani ya biti 16. Hakuna kitanzi, wala jedwali la kwenda kulisoma kwenye kumbukumbu.

Ufundi huo unapendeza, sikatai. Lakini tazama unakotumika. Kwenye I3C, basi la kuunganisha vifaa, kidhibiti kinapokipa kifaa anwani yake ya biti 7, huifuatishia biti moja ya pariti ili kifaa kijue kama kuna biti iliyogeuka njiani. (Zikigeuka mbili, pariti hainusi kitu.) Saa ya basi hilo katika hali yake ya kawaida ni kama megahezi 12.5, na prosesa inahesabu kwa gigahezi. Hata ungezihesabu biti moja moja kwa kitanzi cha kivivu, basi lisingelazimika kukungoja.

Tatizo halikuwa kasi, lilikuwa nakala. Draiva ya kidhibiti cha I3C cha Cadence ilihesabu moja kwa hweight8, fanksheni ya kerneli ya kuhesabu moja za baiti. Ile ya kidhibiti cha DesignWare ilijitungia fanksheni yake yenye 0x9669. Itazame vizuri namba hiyo: ni 0x6996 iliyogeuzwa kila biti. Zote mbili ni sahihi, moja inauliza "ni witiri?", nyingine "ni shufwa?". Anayenakili hii akidhani ni ile atapata kila jibu kinyume, na kompaila haitamwambia neno. Fanksheni moja yenye jina moja na maelezo yanayosema 1 maana yake nini inafunga mlango huo.

Wengine wanauliza kwa nini tusiiachie kompaila kupitia __builtin_parity. Pasipo na maagizo ya prosesa yanayofaa, kompaila huweza kuigeuza kuwa mwito wa fanksheni ya libgcc, maktaba ya kompaila ya GCC, na kerneli kwa kawaida haiunganishwi na libgcc. Ujenzi unakwama hapo.

Ubishi uliobaki ni wa upana. Ipe parity8 namba ya biti 32, na C itazikata biti 24 za juu kimyakimya. Si mtego mpya: prosesa za Intel zina kiashiria cha pariti tangu 8008 ya mwaka 1972, na hadi leo kwenye x86 kiashiria hicho hutazama biti 8 za chini tu, hata matokeo yakiwa ya biti 64. Ndiyo maana wapo wanaotaka makro moja inayojichagulia upana kwa kutazama aina ya data. Mimi siungi mkono. Ile 8 iliyomo kwenye jina humlazimisha mwandishi wa draiva kujiuliza ameshika biti ngapi, na ndugu zake wa 16, 32 na 64 waongezwe siku draiva halisi itakapowahitaji.