BARUA YA KITALE: Kisiwa cha Mamba na Neno la Nahodha



Mara kwa mara nimewasikia ndugu zetu wa pwani wakijisifu kwa visiwa vyao na merikebu zilizozama. Hutusimulia habari za merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa. Na jinsi wapiga mbizi walivyoshuka kuichunguza kuanzia mwaka 1977 hadi 1980. Vyombo vingi vilipandishwa kutoka chini, na baadhi yake vimewekwa katika makumbusho humo humo ngomeni. Sisi watu wa bara husikiliza kwa kuinamisha vichwa, kana kwamba hatuna bahari wala kisiwa.

Lakini tunayo bahari yetu. Ukishuka kutoka Kitale kupitia Kapenguria na Lodwar hata Kalokol, utaliona Ziwa Turkana, ambalo hadi mwaka 1975 liliitwa Ziwa Rudolf. Maji yake huletwa zaidi na mto Omo kutoka Uhabeshi, wala hayana njia ya kutoka, ila hupanda juu kwa jua. Ndiyo maana yana magadi. Katikati ya maji hayo kiko Kisiwa cha Kati, chenye eneo la kilometa 5 hivi za mraba. Ni mlima wa moto uliotokeza majini, na ndani yake mna maziwa madogo matatu katika mashimo ya volkano. Mwaka 1983 kilifanywa hifadhi ya taifa.

Nilipopata likizo fupi nilikwenda kukiona, nikafuatana na mdogo wangu, ambaye hajui kuogelea. Tulifika pwani ya ziwa jioni, tukapatana bei na mzee mmoja Mturkana mwenye mashua. Asubuhi yake, saa kumi na mbili, tulikuwa tayari na mizigo yetu. Mzee alisimama mchangani akayatazama maji kitambo kirefu, kisha akasema, "Leo asubuhi hatuendi."

Nilimwambia, "Mzee, Jumatatu natakiwa ofisini. Siku zangu zimehesabiwa."

Akanijibu kwa upole, "Bwana karani, upepo huu haujui Jumatatu."

Nakiri kwamba nilikasirika. Nimezoea kwamba saa ikifika kazi huanza, na mimi huwaambia watu wangoje. Kuambiwa ningoje mimi kulinichoma. Palikuwa na kijana mwingine mwenye mashua, akasema atatupeleka mara moja tukimwongezea fedha. Nilikwisha kutia mkono mfukoni. Mdogo wangu hakunena neno, alinitazama tu. Nikakumbuka kwamba mama alimtia mikononi mwangu. Nikautoa mkono mtupu. Kijana yule aliondoka na abiria wengine.

Haikupita saa moja tukaiona mashua yake ikirudi, imelala upande, na watu wote wakiteka maji kwa mikebe na sufuria. Mizigo yao ilikuwa imetupwa ziwani. Walishuka salama, namshukuru Mungu, lakini mama mmoja alikaa mchangani akitetemeka hata adhuhuri. Yule mzee hakusema "Niliwaambia." Aliwatilia chai.

Jioni hiyo nilikumbuka habari niliyopata kuisoma. Mwaka 1934 Mwingereza Vivian Fuchs alileta msafara wa wataalamu kulichunguza ziwa hili. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, kilicho kikubwa kuliko kile cha Kati. Hawakurudi. Walitafutwa, na miili yao haikupatikana hata leo. Fuchs mwenyewe aliishi, na mwaka 1958 aliongoza watu waliomaliza kulikata bara la barafu la kusini mwa dunia, toka pwani hadi pwani. Mtu aliyeweza kulishinda barafu lile alipoteza rafiki zake katika ziwa letu.

Siku ya pili upepo ulipotulia, mzee alitwita mwenyewe. Tulivuka, tukapanda ukingo wa shimo la volkano, na huko chini tukaona mamba wamelala kandokando ya maji kama magogo yaliyokatwa. Kisiwa hiki ni mahali pao pa kuzalia. Jike hufukia mayai mchangani na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Watoto wakilia humo ndani, mama huwafukua na kuwachukua kwa kinywa chake hata majini. La ajabu zaidi, joto la mchanga ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa dume au jike. Ndege nao ni wengi, na baadhi yao huja kutoka Ulaya kukimbia baridi ya kule. Kupiga mbizi hapa hakuna anayefikiri, na sababu mmekwisha kuiona imelala ufukoni.

Nilifika ofisini Jumanne badala ya Jumatatu. Nilieleza kisa changu, nikakatwa siku moja ya likizo ijayo, nami sikunung'unika. Siku moja ni bei rahisi.

Basi, wasomaji wangu, mkipenda kwenda, nendeni. Ni nchi yenu. Lakini wekeni siku mbili za ziada katika hesabu zenu. Ulizeni kama mashua ina maboya ya kuvaa, na kama hayapo, msipande. Mayai na viota msiviguse. Na nahodha akisema hapana, msimwonyeshe fedha. Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ziwani, hata guu la kuzikwa laweza lisipatikane.

Nami nauliza: je, wangapi kati yenu mmepata kuambiwa "ngoja" na mtu asiyejua kusoma, kisha mkaona kwamba yeye ndiye aliyesoma kuliko ninyi? Niandikieni.

Wenu,
Karani wa Kitale