USUKANI UNAOTETEMEKA SI MKONO WA DEREVA

Ndugu madereva, makondakta na makanika,

Kuna neno ambalo wenye magari wa hapa Masii wamelizoea mno, nasi tumechoka kulisikia. Neno lenyewe ni "mkono mbaya". Dereva akirudi jioni kutoka Machakos akasema, "Mzee, usukani unatetemeka," jibu huwa tayari hata kabla hajakabidhi ufunguo: "Ni mkono wako mbaya, kijana. Dereva wa kwanza hakulalamika." Kisha mwisho wa mwezi dereva anakuta fedha zake zimepungua, na akiuliza anaambiwa gari limetengenezwa kwa sababu yake.

Tunasema wazi kwamba hakuna mkono wa mtu unaoweza kuutetemesha usukani kwa mwendo wa kilomita 80 kisha ukautuliza kwa mwendo wa 50. Kinachotetemeka ni chuma na mpira, na sababu yake hutafutwa. Haitafutwi kwa matusi, wala kwa kukisia, wala kwa kukata mshahara.

Tutaeleza kisa kimoja. Hatutaji jina la mtu wala la gereji, maana desturi hii haiko kwa mwenye gari mmoja tu. Mwanachama wetu mmoja anaendesha Nissan ya abiria 14 katika barabara ya Machakos kwenda Kitui. Usukani ulianza kutetemeka baada ya gurudumu la mbele kuingia shimoni usiku. Alisema siku ile ile. Mwenye gari alimpeleka gereji, na fundi, bila kuendesha gari hata hatua moja, akasema ni alaimenti. Ikafanywa alaimenti, ikalipwa, usukani ukatetemeka kama kawaida. Wakabadilisha tairodi mbili. Ukatetemeka. Wakanunua shokabzoba za mbele zilizotumika Japani, wakafanya alaimenti mara ya pili, na bado usukani ukatetemeka. Wiki sita zilipita hivyo. Kila karatasi ya gereji ilipokuja, sehemu ya gharama ilikatwa katika mshahara wa dereva.

Mwishowe makanika mmoja mzee, ambaye hana hata kibao barabarani, alipandisha gari kwa jeki, akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, akatazama upande wa ndani. Tairi lilikuwa limevimba mahali pamoja, ukubwa wa yai. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika siku ile ya shimo. Kazi yote hiyo haikufika nusu saa. Basi abiria 14 na dereva na kondakta wake walisafiri wiki sita juu ya tairi lililokuwa likingoja kupasuka, na mtu aliyekuwa akipiga kelele kila jioni ndiye aliyekuwa akitozwa.

Sasa tuelezane jinsi jambo hili linavyotafutwa, maana mtu akijua kazi hadanganywi kwa urahisi.

Mwanzo si spana. Mwanzo ni maswali, na mwenye majibu ni dereva, kwa sababu ndiye anayekaa na usukani huo tangu alfajiri mpaka usiku. Unatetemeka kwa mwendo gani? Je, ni wakati wote au ni unapokanyaga breki tu? Unausikia mikononi au unausikia kitini? Ulianza polepole, au ulianza siku moja baada ya shimo, tuta, au kubadilisha tairi? Fundi asiyeuliza maswali haya anacheza bahati nasibu kwa fedha za watu.

Kama unaanza karibu na kilomita 70 au 80 na ukipunguza unatulia, shuku kwanza uzito wa magurudumu ya mbele, maana yake balansi. Kile kipande kidogo cha risasi kilichobanwa kwenye rimu kikianguka, au tope likikaukia ndani ya rimu wakati wa mvua, gurudumu linakuwa zito upande mmoja. Watu hucheka kusikia kwamba gramu chache zinaweza kulisumbua gari zima. Wafanye hesabu. Gramu 30 tu kwenye ukingo wa rimu ya inchi 14, gari likienda kilomita 80 kwa saa, zinavuta kwa nguvu kama ya kilo mbili na nusu, na zinavuta hivyo mara 11 hivi kwa kila sekunde. Kwa kilomita 40 nguvu hiyo ni robo tu. Ndiyo sababu fundi anayejaribu gari kwa kulizungusha sokoni mara moja, kati ya mbuzi na mikokoteni, hurudi akisema haoni kitu. Hawezi kukiona. Magari ya abiria yalifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 tangu Februari 2004, kwa hiyo dereva wetu akiwa na safari ndefu hukaa katika mwendo ule ule ambao ugonjwa huu hupenda kujitokeza. Atajaribiwaje kwa mwendo wa punda?

Ukiusikia mtetemo zaidi kitini na sakafuni kuliko mikononi, tazama magurudumu ya nyuma au propela. Ukitokea unapokanyaga breki tu, iache balansi, tazama diski za breki za mbele. Diski ikiwa nene hapa na nyembamba pale, inasukuma breki na kuiachia kila inapozunguka, na usukani unacheza. Alaimenti haiponyi diski.

Na hapa tuseme neno juu ya alaimenti, kwa sababu imekuwa kama aspirini ya magari. Alaimenti ikiharibika, gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa ukingo. Kwa kawaida haitetemeshi usukani yenyewe. Tairi likishaliwa vibaya kwa miezi mingi ndipo mtetemo huja, na hapo hata ukinyoosha magurudumu, tairi bovu linabaki bovu. Gereji hupenda alaimenti kwa sababu mashine ina taa na karatasi, na mwenye gari huipenda kwa sababu karatasi inaonyesha kwamba amefanya jambo.

Kama balansi imefanywa na mtetemo haukuondoka, jambo rahisi kuliko yote ni kuhamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, na ya nyuma yaje mbele, kisha kwenda mwendo ule ule katika barabara ile ile. Mtetemo ukiondoka mikononi ukahamia kitini, ugonjwa uko katika tairi au rimu. Ukibaki mikononi, uko katika habu, beringi, diski au viungo vya usukani. Kazi hii inataka jeki, spana ya nati na jasho kidogo, na haina spea ya kununua. Laiti ingefanywa katika kisa kile tulichosimulia, tairodi na shokabzoba zisingeguswa.

Gari likiwa juu ya jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, shuku beringi. Ukiendelea, tazama boljointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza hapo, tazama tairodi na boksi ya usukani. Lizungushe polepole ukiwa umesimamisha kijiti karibu na rimu, uone kama rimu inayumba. Pitisha kiganja juu ya tairi lote, ndani na nje. Uvimbe wo wote, gari lisiondoke.

Tena kuna jambo moja lisilongoja gereji. Mtetemo ukianza ghafula baada ya gurudumu kufunguliwa, simama kando ya barabara papo hapo ukaze nati. Abiria watanung'unika. Waache wanung'unike.

Ndugu zetu wa malori ya mchanga wana taabu yao nyingine. Lori lenye ekseli moja nzima mbele, kingipini zikila, huweza kupiga tuta moja likaanza kutikisa usukani kwa nguvu hata dereva asiweze kuushika, wala halitulii mpaka lipunguze mwendo karibu lisimame. Anayepakia mchanga kupita kiasi anazila kingipini hizo kila siku, na dereva si yeye anayeamua lori lijazwe kiasi gani. Lakini kingipini zikifa, nani huambiwa ana mkono mbaya?

Tuwe wa haki. Wako madereva wanaoruka matuta kama wanafukuzwa. Wako pia wenzetu wanaosikia mtetemo wakanyamaza, kwa sababu gari likilala gereji siku moja hakuna posho ya siku hiyo. Kunyamaza huku hatukusifu. Ila tuulize kwanza ni nani aliyemfundisha dereva kunyamaza. Mtu aliyesema mara mbili na mara zote mbili akatozwa, mara ya tatu ataufunga mdomo, na atakayeulipia ukimya huo ni yule mama aliyekaa kiti cha mbele na mtoto wake.

Sheria nayo iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kosa la makusudi. Makusudi! Shimo la barabara si makusudi ya dereva. Diski iliyokwisha kwa kazi si makusudi. Spea iliyofungwa kwa kukisia na fundi aliyeitwa na mwenye gari mwenyewe ni deni la mwenye gari. Na hata makato yaliyo halali, yote pamoja, hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo, kifungu cha 14, inamtaka mfanya kazi atoe habari kwa msimamizi wake akiona hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo dereva anayesema "usukani unatetemeka" anatimiza sheria. Anayemjibu "endesha tu" ndiye anayeivunja.

Najua, wako watakaosema chama kimeacha mambo ya mshahara kikashika mambo ya spana. Makhan Singh na Fred Kubai walipounda shirikisho la vyama vya wafanya kazi mwaka 1949, Kubai alitoka katika chama cha watu wa uchukuzi, na watu wa uchukuzi tangu wakati huo hawajapata kutenganisha gari na mshahara wao. Gari bovu hula mshahara kwanza, halafu hula mtu.

Tunataka mambo haya kwa wenye magari. Kila gari liwe na daftari, na dereva aandike humo siku, mwendo, kama ni kwa breki au bila breki, likiwa na abiria au tupu, na mwenye gari aweke sahihi kwamba amesoma. Gari lijaribiwe barabarani, dereva akiwa ndani, kabla spea haijanunuliwa. Spea ya zamani irudishwe gereji inapotolewa, ionekane kwa macho kama kweli ilikuwa mbovu. Na makato yo yote yaandikwe kwa sababu yake kwenye karatasi ya malipo, asikatwe mtu kwa mdomo.

Nanyi madereva, msingoje mwenye gari anunue daftari. Daftari la shule la mtoto linatosha. Aliyekatwa fedha kwa ajili ya usukani, tairi, breki au springi, alete karatasi zake za malipo na za gereji kwa katibu wa tawi, hata kama ni za mwaka jana, hata kama zimelowa mafuta.

Yule mwanachama wa Nissan bado anadai fedha zake. Tairi lile lililovimba analo nyumbani, amelifungia stoo. Katibu amekwisha mwandikia mwenye gari barua mbili, na ya tatu itapelekwa kwa mkono pamoja na tairi lenyewe.