Bibi harusi si kichwa peke yake



Leo hatuandiki habari za shela wala piko. Tuna hasira kidogo, mtuwie radhi.

Sisi ni mafundi, duka letu lipo Ngamiani hapa Tanga, na bibi harusi tunampima mara tatu. Alikuja mmoja kiuno chake inchi 29. Wiki tatu baadaye 27. Siku ya kujaribu gauni, 25 na nusu. Mama yake akacheka, "Anajipunguza huyo, apendeze." Sisi hatukucheka. Mtu anayejipunguza hujitazama kwenye kioo mpaka umfukuze. Huyu alikipa kioo mgongo.

Tulipomuuliza, kumbe hakukaa bure. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Msomaji wa ruqya mmoja akasema ni jini mahaba, akachukua pesa yake. Somo wake akaendelea na mafunzo ya chumbani kana kwamba hakuona kitu. Akaenda na kwa mshauri nasaha wa kisasa, mwenye ofisi na daftari, akaulizwa habari za utoto wake saa nzima, na mtoto wa watu hajatia kitu mdomoni tangu jana yake.

Watu wanne, na kila mmoja alichukua kipande chake akaondoka nacho. Hakuna aliyeuliza: Unalala? Umekula nini leo? Unadaiwa? Msiba ulikuwa lini kwenu?

Sisi tuliuliza huku tunapinda pindo, na majibu yakaja yenyewe. Baba yake alifariki miezi mitano nyuma. Ili kumalizia matibabu yake, alichukua mkopo wa kausha damu, na kila wiki wanamtaka rejesho. Mchumba hajui. Usingizi unamjia saa kumi usiku, kwa hiyo alfajiri inampita, na akishaikosa sala anajiona mja mbaya, basi hata chakula hakishuki. Sasa hapo utatibu tumbo peke yake? Utamsomea peke yake? Deni, msiba, usingizi, sala na tumbo vimeshikana kwa uzi mmoja.

Ndiyo maana tunasema mshauri asiyemtazama mtu mzima anakula pesa za watu. Ukali huo tunaujua, na hatuurudishi nyuma.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Kizungu, mtu akiwa na imani anasubiri tu. Dada zetu, subira ni ibada, haikuwekwa kuwa kifuniko cha kumnyamazishia mgonjwa. Mtume (s.a.w.) katuamrisha tutafute tiba. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, kwa ajili ya huzuni. Tazama hapo: moyo umeumia, na kinacholetwa ni bakuli la uji. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, akieleza kuwa kimoja kikiumwa kinamvuta mwenzake. Mzungu gani huyo?

Hata hapa kwetu lipo. Lutindi, juu milimani Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliotolewa utumwani mwaka 1896, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni ya Walutheri, ndiyo, lakini mazuri tuyaseme: mgonjwa hapewi vidonge akaachwa kitandani, anafanya kazi za mikono na za shamba la chai, na kazi hiyo inahesabiwa ni tiba. Kule Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na wenye mawazo. Bibi anauliza shida zote, wanachagua moja ya kuanza nayo. Baadaye wanawake wanakutana kwa kikundi, wanazungumza huku wanafuma mikoba. Zanzibar nako mpango huo umefika.

Na uchungu wetu mkubwa ni huu: somo wa zamani alikuwa hivyohivyo. Alimsinga bibi harusi, alimlisha, alimkumbusha sala, alikaa naye fungate nzima, akijua analala vipi na analia saa ngapi. Sisi tumemkata, tumebakiza darasa la kumfurahisha mume, tena siku hizi kwa WhatsApp na malipo mbele.

Yule binti harusi yake ilisogezwa mwezi mmoja. Mchumba aliambiwa, akanyamaza siku mbili, kisha yeye na mjomba wa binti wakaenda kuonana na wakopeshaji. Hospitali alirudi na shangazi yake, akaeleza yote mpaka deni, na safari hii dawa ikawa nyingine. Hajapona kabisa. Lakini anakula, na kiuno tumekifumua kidogo.

Kama unamjua mshauri, Tanga, Pangani au Pemba, anayeanza kwa kuuliza usingizi, chakula, deni na sala kabla hajafungua daftari, tuandikieni. Wateja wetu wanatuuliza, na hatuna jina la kuwapa.