Umeme wa jua wa kubeba: Hesabu kwanza, paneli baadaye

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unamhusu pia mkulima au mfanyabiashara mdogo anayetaka kujitengenezea umeme wa jua wa kubeba, yaani betri na vifaa vyake ndani ya sanduku, pamoja na paneli inayofungwa kwenye bodaboda au guta kutoka mnada mmoja hadi mwingine.

Hakuna ubishi kuwa umeme wa namna hii unahitajika. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, nyaya zimefika katika vijiji vingi. Hata hivyo, nguzo haziwezi kumfuata mkulima kwenye kibanda cha kulindia mazao, wala mchuuzi anayezunguka minada ya Dodoma, Singida na Shinyanga. Hao nao wanahitaji taa, redio na mahali pa kuchaji simu.

Tatizo ni kwamba wengi huanzia mwisho. Mtu hununua paneli kubwa kadiri fedha zake zinavyoruhusu, huokota betri ya gari iliyokwisha kutumika, kisha huunganisha. Baada ya miezi michache taa zinafifia saa mbili usiku, na lawama zote hutupiwa jua. Mara nyingi jua halina kosa. Kilichokosekana ni daftari.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa mnadani. Ana balbu tatu za LED za wati 5 kila moja, anazowasha kwa saa nne. Hizo ni wati-saa 60. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni wati-saa 30. Akichaji simu kumi za wateja, kila moja ikila wati-saa 15, ni 150. Jumla ni wati-saa 240. Aongeze robo kwa ajili ya umeme unaopotea njiani, afikie 300.

Sasa ndipo aiangalie paneli. Sehemu nyingi za nchi yetu hupata jua linalolingana na saa tano hivi za jua kali kwa siku. Gawanya 300 kwa tano, unapata wati 60. Kwa kuwa siku zote si sawa, achukue ya wati 80. Aliyepo Tukuyu au Bukoba, ambako mawingu ni jambo la kawaida, aongeze zaidi.

Betri ndiyo yenye mtego. Wati-saa 300 kwenye betri ya volti 12 ni ampea-saa 25. Lakini betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, kwa hiyo inahitajika ya ampea-saa 50. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, itakufa mapema. Betri ya lithiamu huvumilia kutumiwa kwa kina zaidi, na kwa kazi hii ya ampea-saa 35 inatosha. Uzito wake ni karibu theluthi moja tu, jambo kubwa kwa mtu wa kubeba. Bei yake ni ya juu, lakini hudumu zaidi.

Kati ya paneli na betri ni lazima pawepo chaji kontrola. Kwa paneli ya wati 80, ya ampea 10 inatosha, mradi iwe inakubaliana na aina ya betri. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri, kwani shoti moja inaweza kuteketeza sanduku na bidhaa zote. Betri ifungwe isitikisike, na sanduku liwe na matundu ya hewa. Simu zichajiwe moja kwa moja kutoka volti 12 kwa chaja ya gari, kwa sababu inveta nayo hula umeme. Pasi na birika la umeme visahauliwe kabisa. Paneli ielekezwe kaskazini, ilale kidogo tu, na isiguswe na kivuli.

Tuje kwenye fedha. Tuseme betri imenunuliwa kwa Sh180,000 na simu inachajiwa kwa Sh300. Simu kumi kwa siku 12 za mnada ni Sh36,000 kwa mwezi. Betri ikidumu miezi 24, gharama yake ni Sh7,500 kwa mwezi. Ikifa baada ya miezi sita, ni Sh30,000. Mchuuzi huyo atakuwa ameifanyia kazi betri, si familia yake. Ndiyo maana tunashauri fedha ya betri ijayo itengwe kila mwezi, kama anavyotenga ya kununulia bidhaa.

Ni rai yetu kwa wauza vifaa kuacha tabia ya kumuuliza mteja ana shilingi ngapi kabla ya kumuuliza atatumia nini. Vyama vya akiba na mikopo navyo, kabla ya kutoa mkopo wa sola, vimtake mwanachama alete hesabu ya matumizi yake kwa siku. Mnunuzi naye adai risiti, dhamana ya maandishi na alama ya ubora ya TBS.

Jua halitumi ankara, lakini betri hutuma. Mwenye daftari huiona ikija mapema, naye huwa amekwisha kujiandaa kuilipa.