Kibaba cha Maji na Picha Zinazotembea



Ndugu Waislamu, mtoto wa Chiwata, pembezoni mwa uwanda wa Makonde, huijua thamani ya ndoo ya maji kabla hajazijua herufi. Lakini madrasa twamfundisha udhu kana kwamba ana bomba mlangoni. Ilhali imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, kiasi kisichofika lita moja.

Jambo hili halielezeki vyema kwa chaki, hutaka kuonekana. PowerPoint, programu ambayo wengi wetu twaijua kwa semina tu, tangu toleo lake la 2010 huweza kuigeuza kazi yake kuwa video. Basi mwalimu achore kopo la kibaba, kila kiungo kiwe na slaidi yake, na maji yapungue koponi kadiri viungo vinavyooshwa, hata mtoto aone kwamba ya miguu yamebaki. Sauti airekodi humo humo. Na kitembee kitu kimoja kwa wakati mmoja. Tumeona kazi ambazo maandishi huruka na kuzunguka; watoto hucheka sana, kisha hawakumbuki kama kichwa huoshwa au hupakwa.

Wapo watakaouliza kuhusu picha za viumbe wenye roho. Wanazuoni wamehitilafiana, na baadhi wameruhusu kwa mafunzo ya watoto, wakitolea hoja wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.). Somo letu halihitaji kuingia humo: kopo, viganja na mshale vyatosha.

Sisi twahofia zaidi jambo jingine. Mwalimu akikosea darasani, kesho husahihisha. Video ikishaingia katika simu za watu hairudi. Itafika Newala na Tandahimba na kosa lake. Kwa hiyo maneno yote yaandikwe, yasomwe na mwanachuoni kabla ya kurekodiwa.

Kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa 2014 kutoka Dar es Salaam, kimeonyesha kwamba mtoto hujifunza hata hesabu kwa katuni za Kiswahili. Wale wana studio. Madrasa yahitaji kompyuta moja, na mzazi aliyenayo anaweza kuiazima siku ya Jumamosi. Video ya udhu ikikamilika, ifuate ya tayamamu.