Mapatano ya Kazi Yaandikwe

Wakulima wengi wa skimu zilizo karibu na Eldoret wana kibarua mmoja au wawili. Huyu hukama ng'ombe, yule hupalilia mahindi. Mara nyingi mapatano ni ya mdomo tu: "Fanya kazi, nitakulipa mahindi yakiuzwa." Maneno hayo ni matamu mwezi wa Aprili. Lakini ikifika Desemba mahindi bado yako ghalani, karo ya shule inangoja, na kibarua anadai mshahara wa miezi minane. Hapo urafiki huisha.

Yafaa mkulima ajue kwamba sheria haingoji mahindi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua wa siku alipwe siku ikiisha, na mtu wa mwezi alipwe mwezi ukiisha, kwa fedha za Kenya. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mapatano ya maandishi. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa. Tena mtu unayemwita kibarua, akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi. Apumzike siku moja katika kila saba, na akitimiza mwaka apewe likizo ya siku 21 za kazi.

Wengine watasema, "Hiyo ni sheria ya makampuni ya chai, mimi nina ekari kumi tu." Sivyo. Sheria haikuweka kipimo cha ekari. Tena mkifika mahakamani nawe huna karatasi, ni juu yako kuthibitisha kwamba mapatano hayakuwa kama asemavyo mfanyakazi. Karatasi ni ngao ya mwajiri pia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukumbuke tulikotoka. Sheria ya 1918 ilimtaka maskwota amfanyie mzungu kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Skimu ya Ekari Milioni Moja ilipoanza mwaka 1962, wengi waliopata mashamba walikuwa wamewahi kuwa vibarua. Haifai watoto wao wawatendee wengine vile vile.

Basi, mkulima, nunua daftari. Andika jina, kazi, siku ya kuanza, saa, mshahara na posho. Tieni sahihi au kidole gumba, kila mmoja abaki na nakala. Kima cha chini cha mshahara wa shamba hubadilika. Novemba 2024 kiliongezwa kwa asilimia 6. Kabla ya kupatana, uliza Ofisi ya Kazi, Eldoret.

Na mshahara utoke wapi? Uutegemeze juu ya maziwa, ambayo fedha zake huja kila mwezi. Mahindi yalipe mbolea na karo. Kama maziwa hayatoshi, ajiri mtu kwa siku chache tu, umlipe jioni, aende zake kwa amani.