Daktari Naye Hutaka Mlezi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mwalimu na mwanafunzi wake, na huenda wengi wakadhani ya kwamba habari hiyo huishia siku mtoto anapohitimu na kuondoka chuoni na msahafu wake kwapani. Mwezi huu twataka kuwapeleka mbali, hata Marekani, katika vyuo vikuu vya udaktari, ambako mwanafunzi ni mtu mzima mwenye shahada, na juu ya hayo huweza kuanguka kwa kukosa mtu mmoja tu wa kumshika mkono. Mambo ya huko si ya kigeni kwetu kama yanavyoonekana. Chuo cha udaktari cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, kilifunguliwa mwaka 1893; watu weusi wa kwanza kuhitimu hapo walihitimu mwaka 1967, nao walikuwa wawili, Robert Gamble, Mmarekani, na James Nabwangu, mwana wa Kenya. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita katikati.

Kwa nini ikawa hivyo? Jambo moja twalijua sote, nalo ni ubaguzi wa rangi. Jambo la pili halisemwi sana. Mwaka 1910 bwana mmoja, Abraham Flexner, aliandika ripoti juu ya vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Kanada, akaonyesha ubovu wa vingi vyao, na kwa hakika vingi vilikuwa vibovu. Walakini vyuo vya watu weusi wakati ule vilikuwa saba, na ripoti ile ilishauri vitano vifungwe. Haikupita miaka mingi, vikabaki viwili tu, Howard katika mji wa Washington na Meharry katika mji wa Nashville. Vile vitano vilipofungwa walipotea wanafunzi, na pamoja nao wakapotea waalimu ambao wangaliwalea wanafunzi wa kizazi kilichofuata. Mti ukikatwa, kivuli nacho huondoka, na waliokuja baadaye walikuta jua tupu.

Sasa natusimulie habari ya mtu mmoja, Vivien Thomas, maana ndani yake mna jambo lote tutakalo kulisema. Kijana huyu mweusi, mtoto wa seremala na yeye mwenyewe seremala, alizaliwa Louisiana mwaka 1910. Alikuwa akiweka akiba ili asome udaktari. Mwaka 1930 akapata kazi ya usaidizi kwa daktari mzungu wa kupasua, Alfred Blalock, katika chuo kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Na mwaka huo huo benki aliyoweka fedha zake ikaanguka, na akiba ya masomo ikaenda nayo. Basi akabaki pale. Blalock akamfundisha kushika kisu, kushona mishipa, kuandika matokeo ya kila jaribio, na Thomas akayapokea yote kwa mkono ambao hata wakubwa wa kazi hiyo waliustaajabia. Lakini katika daftari la mishahara aliandikwa kuwa mfagiaji. Mwaka 1941 Blalock alipokwenda kuwa mkuu wa idara ya upasuaji Johns Hopkins, alimchukua Thomas pamoja naye.

Huko walijiwa na Bibi Helen Taussig, daktari wa watoto, aliyekuwa akiwaona watoto wakigeuka rangi ya buluu na kufa kwa sababu damu yao haifiki mapafuni kama ipasavyo. Akauliza: je, haiwezekani kuunganisha mishipa ili damu ipate njia nyingine? Aliyeitafuta njia hiyo kwa mikono yake, akiijaribu juu ya mbwa mara baada ya mara, ni Thomas. Na tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, Thomas alisimama juu ya kibao nyuma ya bega la bwana wake akimwelekeza, maana Blalock mwenyewe alikuwa amepata kuifanya kazi ile mara moja tu, tena akiwa msaidizi wa Thomas. Mwaka 1945 habari zilipoandikwa katika jarida la madaktari, majina ya waandishi yalikuwa mawili, Blalock na Taussig. La Thomas halikuwamo.

Tusije tukamdhulumu Blalock. Alimtetea msaidizi wake asifukuzwe mlangoni, akamtafutia nyongeza ya mshahara, na bila ya yeye dunia isingalimjua Thomas. Illa twasema ya kwamba alifanya nusu ya kazi ya mwalimu. Mwalimu humpa mwanafunzi vitu viwili: humpa elimu, na humpa mahali. Sisi wenye vyuo vya watoto twalijua sana jambo hili. Yuko mwanafunzi mkubwa ambaye mwalimu humwacha nyuma awasomeshe wadogo herufi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwalimu humsifu mbele ya wageni, lakini hamwambii baba yake kwamba kijana amekwiva, wala hamkalishi mbele. Kazi ya kijana yule yamfaa mwalimu mno, kiasi cha kwamba kumwinua ni hasara kwake. Thomas aliwafundisha upasuaji vijana wa kizungu ambao baadaye wakawa mabingwa, mmoja wao Denton Cooley, aliyekuwa wa kwanza kumtia mtu moyo wa bandia mwaka 1969. Na jioni mwalimu wao huyo alipata kuajiriwa awatilie wageni vinywaji katika karamu za Blalock. Alitaka kurudi masomoni, akaambiwa ya kwamba ujuzi wake wote hauhesabiwi na aanze mwanzo, akapiga hesabu akaona atakapokuwa daktari atakuwa na miaka hamsini. Akaacha. Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, na ndipo akaandikwa mwalimu wa upasuaji, miaka thelathini na mitano tangu aingie pale.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1966 chuo kile kile cha Vanderbilt, ambako Thomas aliandikwa mfagiaji, kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi wa udaktari, Levi Watkins, kijana aliyekulia Montgomery, Alabama, katika kanisa alilohubiri Martin Luther King. Alipofika Johns Hopkins kujifunza upasuaji, Thomas alikuwa pale bado. Wakawa marafiki hadi Thomas alipofariki mwaka 1985. Na mzee yule asiyekuwa na shahada ya udaktari alimfunulia kijana mambo yasiyoandikwa katika kitabu cho chote: nani wa kumwendea, wakati gani wa kusema na wakati gani wa kunyamaza. Mwezi Februari 1980 Watkins akawa wa kwanza kupandikiza ndani ya mwili wa mwanadamu kile chombo kinachoushitua moyo unapopotea mapigo yake. Naye hakulifunga lango nyuma yake. Mwaka 1979 aliingia katika kamati ya kupokea wanafunzi, na pamoja na wenzake akaanza kuwatafuta vijana wenye vipawa nchi nzima, weusi na wengineo waliokuwa wachache vyuoni. Na baada ya miaka minne idadi yao ilikuwa imeongezeka mara kadhaa. Twaona hapa ya kwamba sheria ilikuwa imekwisha kufungua mlango zamani, nao waingiao walikuwa wachache hadi alipotokea mtu wa kuwaita.

Labda msomaji atauliza: mtu akiisha kuwa daktari, tena mwalimu wa madaktari, ataka mlezi wa nini? Ataka sana. Katika vyuo vile mwalimu mchanga huanza ngazi ya chini, kisha hupewa miaka michache aonyeshe maandishi yake na fedha alizozipata za utafiti. Asipoonyesha hapandi, na aghalabu huondoka. Fedha hizo nyingi hutolewa na serikali, kwa Taasisi za Afya za Taifa, nazo huombwa kwa maandishi yenye kanuni zake. Mwenye mlezi humpelekea mlezi karatasi zake, naye huzirarua na kuzishona upya kabla hazijaonwa na waamuzi. Asiye naye hujifunza kwa kukataliwa. Mwaka 2011 walitokea wachunguzi, mmoja wao Donna Ginther, wakaandika katika jarida la Science ya kwamba, hata baada ya kulinganisha elimu ya waombaji na kazi walizokwisha kuziandika, kiwango cha maombi ya weusi yaliyokubaliwa kilikuwa chini ya kile cha weupe kwa kiasi cha 10 katika kila 100.

Tena liko jambo ambalo waalimu watatu, Rodríguez, Campbell na Pololi, waliliandikia mwaka 2015 wakiliita kodi ya wachache. Idara ikiwa na mwalimu mweusi mmoja, yeye ndiye hutiwa katika kila kamati ili ionekane ya kwamba kamati ina watu wa kila namna. Yeye ndiye hupelekewa kila mwanafunzi mweusi mwenye kilio. Huyo huja saa kumi, mwingine saa kumi na moja, na mwalimu hawezi kuwafukuza, maana ajua njaa yao. Siku ya kupanda ngazi ikifika, wakubwa huhesabu maandishi, wala machozi aliyoyafuta hayamo katika hesabu. Basi ulezi wenyewe, ulio jema kuliko yote, hugeuka kuwa jiwe mguuni pa mlezi. Sisi hatuoni haki yo yote katika hili. Mwanafunzi mweusi si mzigo wa mwalimu mweusi peke yake. Profesa mzungu mwenye jina na fedha na marafiki ndiye mwenye nafasi zaidi ya kumwinua, na saa alizozitumia ziandikwe katika daftari lile lile la sifa, kama yaandikwavyo makala yake.

Wako waliojaribu. Mwaka 1983 Wakfu wa Robert Wood Johnson ulianza kuwasaidia madaktari wachanga wa jamii zilizo chache: fedha za miaka minne, na pamoja na fedha, mzee wa kazi aliyetajwa kwa jina awe mlezi. Baadaye mpango huo ulipewa jina la Harold Amos, mtu mweusi wa kwanza kuongoza idara katika chuo cha udaktari cha Harvard. Lakini hesabu kubwa ya nchi haikuinuka kama ilivyotazamiwa. Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani kilionyesha mwaka 2015 ya kwamba wanaume weusi walioingia vyuoni mwaka 1978 walikuwa 542, na mwaka 2014 walikuwa 515, ijapokuwa nchi ilikuwa imeongezeka watu. Na tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataza vyuo kuitazama rangi ya mwombaji kwa ajili ya rangi yenyewe. Mgonjwa naye yumo katika hesabu hii: huko Oakland, California, wanaume weusi zaidi ya 600 waligawiwa madaktari kwa bahati nasibu, wengine weusi na wengine sio, na waliopata daktari mweusi walikubali zaidi kupimwa maradhi kabla hayajawazidi. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2019.

Wazazi wenye watoto huko, au wanaokusudia kuwapeleka, tumewasikia wakiuliza karo, baridi, na chakula halali kitapatikana wapi. Maswali mema. Twawaomba waongeze lingine, waliulize kwa barua kabla mtoto hajapanda ndege: ni nani katika idara ile atakayesoma maandishi yake, amekwisha kuwalea wangapi, na hao wako wapi leo? Chuo kikijibu kwa jina la ofisi, mwandikieni tena mkuu wa idara mwenyewe, na mtoto naye aandike barua yake kwa wanafunzi waliotangulia, akawaulize ni mwalimu gani huacha mlango wake wazi.